Kodi ya Anasa Ilipofika Barking

Nawaandikia nikiwa nimesimama. Karatasi iko juu ya friji, kalamu mkononi, na binti yangu kila akipita jikoni ananiambia, "Mum, please, sit down." Kiswahili anakielewa barabara, ila kukijibu kwa Kiswahili ndiyo hataki. Mimi nimestaafu lakini miguu yangu haina habari. Na tangu wiki iliyopita ndiyo sikai kabisa, kwa sababu mmoja wenu, kijana anayetafsiri habari za michezo kwenye simu akiwa ndani ya basi, alinipigia akaniuliza jambo ambalo nilidhani nimeachana nalo zamani. Bibi Tina, hii kodi ya anasa ya besiboli ni nini hasa? Nieleze kwa sentensi mbili, nakaribia kushuka.

Sentensi mbili hazitoshi, mjukuu wangu. Ungeshuka kituo kinachofuata ukanisikiliza. Na nyinyi wengine mnaoifanya kazi hii siku hizi, kaeni, mimi nitazunguka huku nikisimulia.

Tangu miaka ya tisini ilipoanza mpaka macho yaliponigomea, nilikuwa mtafsiri wa michezo katika ofisi ndogo karibu na Farringdon, London. Tulikuwa tunaandaa taarifa fupi kwa Kiswahili na kuziuza kwa vituo vya redio nyumbani Afrika Mashariki. Nyinyi mnagusa kioo habari inajileta. Sisi habari ilitoka kwenye mashine ikiwa imejikunja, ukiinyoosha inajikunja tena, na ukimaliza kutafsiri unapanga foleni kwenye faksi kama mtu anayesubiri mkate. Mara nyingi simu ikilia na mimi nikiipokea, mtu wa redio aliniomba nimwitie mwenye dawati la michezo. Nikimwambia ndiye mimi, aliniuliza kama mume wangu yupo.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Unguja, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na njia yake ilikuwa moja. Ukimpelekea habari uliyoandika, hakuisoma. Aliichukua, akaifunika kwenye meza, kisha akakwambia, "Haya, nenda ukumbini ukamhadithie wa mwanzo utakayekutana naye." Ukumbi kwake ni korido. Basi unatoka, unamkamata mtu, unamsimulia habari yako bila karatasi. Akikuuliza kitu ukashindwa kujibu, rudi mezani, bado hujaelewa ulichokiandika. Nilimchukia Mzee Kombo kwa miezi mingi kwa ajili ya korido ile. Leo nawaambieni mfanye hivyo hivyo, hata kama wa kumsimulia ni dereva wa basi.

Habari yangu ya kwanza ya kodi ya anasa sikuipeleka koridoni. Nilikuwa na haraka. Niliandika kwamba klabu tajiri za besiboli sasa zimezuiwa kutumia pesa kupita kiwango fulani, nikaituma. Siku chache baadaye klabu tajiri kuliko zote ikamchukua mchezaji mwingine kwa mshahara wa kutisha, na habari hiyo pia tukaituma sisi wenyewe. Redio moja ikatuandikia kuuliza tunasimama wapi. Mzee Kombo akaniita.

"Wamezuiwa au hawakuzuiwa?"

Nikasema wamezuiwa.

"Basi huyu wamempataje?"

Nilirudi kwenye makaratasi nikasoma upya, na hivi ndivyo nilivyokuta. Shikeni vizuri, maana wengi huteleza hapa. Besiboli ya kulipwa ya Marekani haina ukuta wa mishahara kama baadhi ya michezo mingine ya kule. Ina kiwango tu. Mishahara yote ya wachezaji wako ikikaa chini ya kiwango, hulipi kitu. Ikipita, hakuna anayekushika mkono, nunua mpaka uchoke, ila utatozwa asilimia. Asilimia ya nini? Si ya mishahara yote, ni ya kile kilichozidi peke yake. Na ukizidisha tena mwaka unaofuata asilimia inapanda, ukirudia tena inapanda zaidi, ili uchoke wewe na si wao. Ukijifanya mjanja ukampa mchezaji pesa nyingi mwaka wa kwanza na kidogo baadaye, wao wanauchukua mkataba mzima, wanaugawa kwa miaka yake, na kila mwaka unahesabiwa wastani. Hata marupurupu yanaingia humo.

Pesa zenyewe haziendi kwa klabu maskini kama kila mtu anavyodhani. Katika mpango ule waliouanza miaka ya elfu mbili, sehemu kubwa ilikwenda kwenye mafao ya wachezaji na kuukuza mchezo. Klabu tajiri kugawana mapato na ndogo ni mpango mwingine kabisa, msiuchanganye na huu. Kabla ya hapo, mwishoni mwa tisini, walijaribu namna nyingine ya kodi hii wakaiacha. Na tangu nistaafu wamebadilisha mengine, hakikisheni wenyewe kabla ya kumwamini bibi aliyesimama jikoni.

Safari hii nilikwenda koridoni. Niliyemkuta ni Byamungu, Mkongomani wa Bukavu, aliyekuwa akimaliza zamu yake ya usafi wakati sisi tunaingia asubuhi. Tulikuwa majirani Tottenham, tukisalimiana kwenye basi. Nikamsimulia. Alisikiliza akiwa ameegemea mopu, na nilipomaliza hakuniuliza swali, alichangamka kama mtu aliyeletewa barua ya heri.

"Njo kusema mutajiri analipaka juu ya kukamata bachezaji bote bazuri?"

Nikamwambia ndiyo, kwa ufupi ndivyo.

"Basi Dada Tina, tuilete na kwetu. Miye nitabakia na nani?"

Lazima mjue kilichokuwa kinamuunguza. Wakati ule tulikuwa na ligi yetu ya Jumapili ya soka, timu za waswahili wa London, kila moja na mtaa wake. Thornton Heath walikuwa wanafunzi na manesi wa Kitanzania. Tottenham ilikuwa timu ya Byamungu, vijana wa kanisa lake, wengi wakisubiri kujibiwa maombi yao ya hifadhi. Kijana anayesubiri karatasi haruhusiwi kufanya kazi. Anaamka, hana pa kwenda, anakaa chumbani na mawazo yake wiki nzima. Jumapili ndiyo siku yake. Byamungu aliniambia waziwazi kwamba bila timu ile baadhi yao angewapoteza, na hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Timu ya Barking ilikuwa na mfadhili, Bwana Kisanga, Mtanzania anayesafirisha makontena. Kisanga alipenda ushindi na alikuwa na uwezo. Mchezaji mzuri akionekana popote, alipelekewa viatu vipya, nauli, na chakula baada ya mechi. Kipa wa Byamungu, jina lake Safari, yeye alikuwa ameshapata karatasi na alikuwa na watoto wawili, kwa hiyo Kisanga alimpa na kazi ya kupakia kwenye ghala lake. Tottenham ilikuwa inapungua kila mwezi. Sheria ya ligi ilisema timu isiyofikisha watu saba uwanjani mara mbili inafutwa, na wao mara ya kwanza ilikuwa imeshawapata.

Mimi kwenye ligi hiyo waliniita mlezi, cheo kisichokuwa na kazi wala kiti. Byamungu alinisukuma mpaka nikaitisha kikao Barking, juu ya duka la nguo, nikawaeleza wanaume wale kodi ya anasa kwa kutumia sahani za sambusa. Wengine walicheka, mmoja akauliza kama besiboli ndiyo ile ya rungu. Nilichosisitiza mimi ni kwamba kila kitu kihesabiwe, viatu, nauli, mpaka kazi ambayo mfadhili anampa mchezaji, vinginevyo watu wataficha. Timu itakayopita kiwango italipa, na pesa zigawiwe timu ndogo. Sehemu hiyo ya mwisho haikuwa ya Marekani, ilikuwa yetu, na kila mtu aliona ni ya haki.

Kisanga alikubali kabla sijamaliza. "Mimi sina problem. Niambieni ni how much, nitalipa." Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliteremka ngazi zile nikiwa na wasiwasi ambao sikuweza kuupa jina, nikatembea mpaka nikakipita kituo cha treni bila kujua.

Msimu ulipokwisha tukakutana Tottenham, kwenye ukumbi wa kanisa la kina Byamungu, kugawa vikombe. Pilau, soda, watoto wanakimbizana chini ya meza. MC alikuwa kijana wa Thornton Heath, huyo huyo aliyekuwa akiongoza harusi zetu zote na kila kitchen party. Akapewa karatasi ya kodi aisome. Na nyinyi mnatujua. Waswahili tukipewa pesa hatujui kunyamaza. MC akalitaja jina la Bwana Kisanga kwa mbwembwe, akataja alichotoa, akaomba makofi ya kilo. Kina mama wakapiga vigelegele. Kisanga akaitwa mbele akakalishwa meza kuu, akawekewa ua mfukoni, na tangu dakika ile akawa mgeni rasmi. Adhabu yetu tuliyoipanga kwa sahani za sambusa ikageuka mchango, na mtu tuliyetaka aone uchungu akawa anapunga mkono.

Kisha MC akamwita Byamungu, kwa kuwa timu yake ndiyo iliyokuwa chini kabisa, aje apokee bahasha na amshukuru mfadhili kwa maneno yake mwenyewe. Byamungu alikuwa amevaa suti ya kijivu. Alipokea bahasha, akashika kipaza sauti, akasubiri watoto watulie.

"Miye sitaki franga," alisema. "Munirudishie kipa yangu."

Kisanga hakukasirika. Alitabasamu, akamwonyesha Safari aliyekuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. "Muulizeni mwenyewe. Hajafungwa kamba."

Safari alisimama. Alikuwa mrefu, na siku ile alisimama kama anataka kuwa mfupi. "Kocha," alisema, "nakuheshimia sana. Lakini batoto bangu banakula huku."

Byamungu aliiweka bahasha juu ya meza kuu akaanza kurudi kwenye kiti chake. Akapiga hatua chache. Halafu akageuka, akarudi, akaichukua, kwa sababu ada ya uwanja wao ilikuwa haijalipwa na wote tulijua. Niliumia mpaka nikashindwa kula. Nilitoka nje nikazunguka jengo lile, nikarudi, nikatoka tena.

Msimu uliofuata mambo yalizidi. Asilimia ilipanda kama tulivyopanga, Kisanga akalipa zaidi, akapigiwa makofi zaidi, na watu wakaanza kumwita Baba wa Ligi. Timu ndogo nazo zikaacha kulalamika. Thornton Heath walishanunua mipira mipya kwa kutegemea kodi ya msimu ambao haujaisha, na kocha wao aliniambia bila aibu kwamba anaomba Kisanga aendelee kuvuka kiwango. Byamungu alikuwa amebaki na vijana tisa. Wawili wakiumwa mafua, anabaki na hao saba, na akikosa mmoja zaidi timu inafutwa. Asubuhi alipokuwa akisafisha ofisi hakusimama tena kusikiliza habari zangu.

Nilimsimulia Mzee Kombo, mimi natembea huku na huku mbele ya meza yake mpaka akaniomba nisimame nisimtie kizunguzungu. Alisikiliza yote. Kisha akauliza jambo moja, kama kawaida yake.

"Huko Marekani, mwenye kulipa hupigiwa makofi?"

Nikamwambia hapana, hutumiwa bili msimu ukiisha, basi.

"Sasa nyinyi mmeweka kodi au mmeweka harusi?"

Niliitisha kikao kingine, Barking kule kule. Nilisema mambo mawili. Kwanza, kodi ilipwe kimya, isisomwe popote, hakuna jina wala meza kuu. Pili, isiende kwa timu, iende kwenye nauli za wachezaji wote wa ligi, wawe wa timu yoyote, kwa sababu hata kule Marekani wachezaji wanakumbukwa na pesa hizo. Watu walinong'ona. Kuna mzee aliyesema si adabu kumnyima mtu shukrani yake. Nikamwambia Bwana Kisanga tutamshukuru kwa mengine yote, hili tu ndilo tutalinyamazia.

Kisanga alikunja uso, na nawaapia hakuwa na hila hata kidogo, aliuliza kwa moyo wake wote. "Kama jina langu halisomwi, nalipia nini?"

Kocha wa Thornton Heath alitazama viatu vyake. Byamungu akaunyoosha mkono kuunga mkono hoja, wa pili akainua, wakafuata wengine, ikapita.

Na hapo, vijana, kwa mara ya kwanza kodi ya anasa ilifanya kazi kwenye ligi ya waswahili wa London kama vile wenyewe walivyoitunga. Kisanga aliporudi kwenye hesabu zake aliona anatoa pesa na hapati kitu. Kabla msimu mpya haujaanza akapunguza mpaka akashuka chini ya kiwango, hakudaiwa hata senti. Sanduku la nauli likabaki tupu, hilo hatukulifikiria, tulikuwa tumegawana pesa ambazo shabaha yetu ilikuwa zisipatikane. Lakini ligi ikasawazika. Wachezaji wanne wa Barking waliachwa, wakarudi walikotoka. Wa kwanza kuachwa alikuwa Safari, kwa sababu ndiye aliyekuwa ghali kuliko wote. Viatu na nauli vilikuwa kitu kidogo. Kilichokuwa kinamfanya ghali ni ile kazi ya ghala niliyosisitiza mimi ihesabiwe.

Byamungu alinipigia simu saa ya chakula, sauti yake inacheka. Alikuwa na watu kumi na moja na wa akiba wawili. Alisema Jumapili nisikose, wanacheza na Barking.

Sikukosa. Ilikuwa baridi yenye manyunyu, na mimi nilikuwa natembea pembeni mwa uwanja tangu kabla ya filimbi, kutoka bendera hadi bendera. Vijana wale wa Byamungu walicheza kama watu waliofunguliwa mlango. Walikuwa mbele kwa bao moja, na karibu na mwisho Barking wakapata penalti. Safari aliruka kushoto akaupangua mpira kwa ncha za vidole. Byamungu aliingia uwanjani mbio, mwamuzi anampigia filimbi, yeye hasikii, amemkumbatia kipa wake analia wazi mbele za watu. Mimi nilirukaruka na umri wangu ule mpaka shali ikaanguka kwenye tope. Nilisema moyoni, Tina, leo umefanya kazi yenye maana kuliko taarifa zako zote.

Baada ya mechi nilikwenda kumpongeza Safari. Alikuwa amekaa kwenye nyasi anafungua viatu. Vilikuwa vya kuazima, vimepasuka ubavuni, vile vya Barking alikuwa amevirudisha. Alinisalimu kwa heshima, akanyanyuka nusu kama mnavyofundishwa kumnyanyukia mkubwa. Nikamuuliza watoto hawajambo, akasema hawajambo. Nikamuuliza kazi, akasema anatafuta, na nyumba anakaa kwa rafiki kwa sasa, yeye na mke na watoto.

Kisha akaniuliza yeye.

"Dada Tina, banasema ile kodi yenu imefanya kazi muzuri?"

"Imefanya," nilimjibu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Alitikisa kichwa taratibu, akafunga kamba za viatu pamoja, akavitundika begani.

"Basi ujue mwenye kuilipa ni miye."

Akaniaga vizuri, akachukua begi lake, akaelekea kituo cha basi. Nilimfuata nyuma mpaka kituoni, kisha nikasimama naye tukisubiri basi.